Mkono wa Ghati na Maji Yetu

Wiki iliyopita nilikuwa nakwenda duka la dawa pale Bomani, nikapita mahali wanawake wanapouza kimea cha ulezi. Wanakimwaga juu ya magunia, na jua likikipiga kinatoa ile harufu yake, tamu kidogo, chachu kidogo, kama udongo uliolowa na mkate kwa pamoja. Nilisimama. Kwa umri wangu mtu akisimama sokoni watu hudhani amechoka, kwa hiyo mmoja wao akanisogezea kigoda, nikakaa. Ndipo nikamsikia mama aliyekuwa akipima kimea kwa kopo akimweleza mwenzake habari za mke wa mwanawe.

"Ameharibu tena. Gunia zima! Nakwambia yule msichana ana mkono wa baridi. Nikimrudisha kwao, watu watasema nimemwonea."

"Mrudishe tu," mwenzake akajibu. "Mkono wa baridi hauponi."

Niliinuka nikaondoka, dawa nikaisahau. Njia nzima nilikuwa nikisema peke yangu, na mjukuu wangu aliyekuwa amenishika mkono akaniuliza, "Babu, unagombana na nani?" Jibu lilikuwa refu. Nimeliandika hapa kwa ajili ya wenzangu wa rika langu, ambao utotoni bila shaka waliwaona wanawake wakirudishwa makwao kwa neno hilo hilo, nao wakaendelea kucheza.

Kwetu ni Gorong'a, sehemu za juu. Wakati huo mkoloni alikuwa bado yupo, na nilikuwa mtoto wa kung'oka meno. Asubuhi za baridi ukungu ulikaa mlangoni kama ng'ombe aliyekataa kuondoka. Tulikuwa tukitoa mbuzi zizini huku tumejikunja, mikono kwapani, na majani yalitulowesha hadi magotini. Hatukuiita baridi. Tuliiita asubuhi. Mtu hawezi kukiona kitu alichozaliwa ndani yake, na hili nitalirudia mpaka nife, kwa sababu ndilo lililomwangamiza Ghati.

Ghati alikuwa mke wa kaka yangu mkubwa, Chacha. Alitoka Ringwani, kule chini kwenye joto, upande ambao siku hizi ni wilaya ya Serengeti. Alifika kwetu katikati ya msimu wa ukungu, msichana mrefu, mwenye mwanya, akitetemeka ndani ya shuka mbili. Lugha ya kwao na Kikurya chetu zinasikilizana, ila maneno yake yalikuwa na mkunjo wake, na sisi watoto tulimwiga hadi tukachapwa. Yeye alicheka tu. Kwa utani wa mashemeji aliniita mume wake mdogo.

"Mume wangu mdogo, leta kuni. Mkeo anakufa kwa baridi huku wewe unachezea kunguru."

"Kwani kwenu hakuna baridi?"

"Kwetu? Kwetu ukiacha jembe juani mchana hulishiki tena. Maji ya mtungini ukiyanywa baada ya chakula, utadhani kuna mtu ameyapasha."

Niliwapelekea wenzangu habari hiyo wakaniambia nimeoa mwongo. Nilipigana na mmoja wao kwa ajili ya heshima yake. Nilimpenda Ghati jinsi mtoto anavyompenda mtu mzima anayemsikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Alikuwa na tabia ya kunishika mashavu kwa viganja viwili akitoka kisimani, niruke kwa baridi ya vidole vyake, naye acheke.

Katika mji wetu, yaani nyumba zetu zote za ukoo, mke mgeni alipimwa kwa kimea. Sisemi ilikuwa hivyo kila mahali, nasema ya kwetu. Akishazoea jiko, alipewa kikapu cha ulezi kutoka ghala la baba, auloweke, auoteshe, auanike, ausage. Kimea chake ndicho kingechachusha pombe ya kumkaribisha mbele ya wazee. Kanuni ilikuwa moja: asiambiwe kitu. Mama mkwe asimwelekeze, mawifi wasimwelekeze, hata swali lisijibiwe. Ilisemekana mke atumie mkono aliokuja nao. Ulezi ukiota, mkono wake ni wa joto, atazaa, na ng'ombe nao watazaa. Ukikataa, mkono wake ni wa baridi, na mkono wa baridi haukai penye zizi.

Sasa fikirini jambo hili kwa utulivu, kama mnaweza, maana mimi siwezi. Kila mwanamke wa mlima wetu alijua kwamba kwetu ulezi hulala majini siku mbili. Nilimwona mama akifanya hivyo tangu nijue kusimama. Hakuna aliyejiuliza kwa nini siku mbili, ndivyo ilivyokuwa tu. Kule Ringwani ulezi hulala usiku mmoja, kukicha umevimba tayari, na ukiuacha zaidi unachacha, unanuka, unautupa. Ghati alifundishwa na mama yake kuogopa siku ya pili. Halafu tukamchukua, tukampandisha kwenye ukungu, tukampa kikapu, tukaziba midomo yetu yote, na tukauita mtego huo mila.

Mtoto mmoja aliruhusiwa kumsaidia kuchota maji, kwa kuwa mtoto hana la kumfundisha mtu. Nilichaguliwa mimi, na kwa furaha usiku ule sikulala vizuri.

Kulikuwa na maji ya namna mbili. Lambo la ng'ombe lilikuwa karibu, pana, la kina kifupi, na mchana jua likitoka lilipata uvuguvugu. Chemchemi ilikuwa juu zaidi, chini ya mwamba, na maji yake yalikuwa meupe kama kioo. Ukiyanywa, meno yanauma. Niliamua kwamba kwa ulezi wa Ghati maji yangu yawe bora kuliko yote. Niliondoka kabla ya mbuzi kuamka, nikapanda mpaka mdomoni mwa mwamba, mahali ambapo vidole havisikii tena kibuyu, nikachota pale pale yanapotoka. Nilikwenda na kurudi mpaka chungu kikajaa. Ghati alipotia mkono aliutoa haraka.

"Mume wangu mdogo, haya maji umeyatoa wapi, tumboni mwa chura?"

"Ni ya chemchemi," nikasema kwa kujivuna. "Ndiyo mazuri kuliko yote."

Hilo ni langu, na silipunguzi. Nilimtakia mema kwa nguvu zangu zote, na kila hatua niliyopanda mlima ilimsogeza karibu na mlango wa kutokea.

Asubuhi yake alichukua punje akaiuma. Akachukua nyingine. "Hivi ulezi wenu ni wa mawe?" aliniuliza, nami nikaona ni utani. Alikaa muda mrefu akizitazama punje zile nyekundu chini ya maji. Najua sasa kilichokuwa kikipigana ndani yake: meno yalimwambia bado, na mama yake alimwambia utaoza. Alimsikiliza mama yake. Alimwaga maji, akaufunga ulezi katika majani ya migomba, akaugandamiza kwa jiwe chini ya ghala.

Siku ya kufungua, aliyefungua alikuwa shangazi Wegesa, dada mkubwa wa baba, mwanamke aliyeachika mara moja akarudi kutawala mji wa kaka yake. Alifunua majani mbele ya wanawake wote. Ulezi mzuri ukifunuliwa huwa umeshikana kama nyasi za kiota, vimizizi vyeupe vimefumana, na unatoa joto lake wenyewe. Huu ulimwagika kama mchanga. Hapa na pale punje moja ilikuwa imetoa kijidole, basi.

Shangazi aliutia mkono katikati, akautoa, akaunusa.

"Baridi," akasema. "Kama maiti."

"Shangazi, ungengoja kidogo," Ghati alisema. "Haujanywa maji. Uumeni mtaona."

"Mimi niume ulezi wa wazee? Kwenu ndivyo mnavyofundishana?"

Nilimtazama mama. Mama alikuwa akitazama majani ya migomba, anayakunja, anayakunja tena, mpaka yakawa madogo kama kifurushi cha chumvi.

Mila yenyewe, ili ionekane ina huruma, ilitoa kikapu cha pili. Hapo ndipo hasira yangu inaposhindwa kulala hata leo, kwa sababu safari hii Ghati alikuwa ameshajua. Hakuwa na elimu ya darasani, lakini alikuwa na mikono, na mikono ilimwambia. Aliniita nyuma ya nyumba.

"Usipande kule juu leo. Ngoja jua litoke, uniletee maji ya lambo. Ya pembeni, pale pasipo na kina."

"Ng'ombe wanakojoa mle."

"Wakojoe. Nataka maji yaliyoota jua."

Nilimtii nikiwa nimenuna. Niliona aibu kubeba maji ya ng'ombe kwa kazi kama ile. Nilikuwa nimefika mlangoni na kibuyu cha kwanza, shangazi akanikuta. Alitia kidole, akatazama matope mekundu yaliyotua chini, akakimwaga kibuyu chote miguuni pangu.

"Maji ya lambo! Kwa ulezi wa wazee! Nani kakutuma?"

Nikamwonyesha Ghati kwa kidevu.

"Rudi chemchemi," shangazi akaniambia. Kisha akamgeukia Ghati. "Na wewe, sikiliza. Ukoo huu si wa kunyweshwa kojo la ndama."

"Basi niruhusuni nikiweke chungu karibu na moto," Ghati alisema. Alisema kwa heshima, mikono nyuma. "Usiku tu. Kando ya mafiga."

"Mkono ukiwa mzuri hauhitaji moto."

Wanawake wakacheka. Na mimi, nawaambieni ukweli, niliona nafuu. Nilifikiri shangazi amemwokoa Ghati na fedheha ya maji machafu. Nilipanda mbio hadi mwambani kuchota yale mazuri, yale ya kuuma meno, nikijiambia kwamba safari hii lazima ulezi utafurahi.

Kikapu cha pili kilikuwa kibaya kuliko cha kwanza. Ghati alikiacha majini mpaka jua la mchana, ndio mwisho wa ujasiri wake, na ulezi ukanywa nusu. Nusu ikaota, nusu ikavaa ukungu wa kijivu kama manyoya ya panya. Harufu yake haikuwa ya kimea. Shangazi hakuhitaji hata kuinama.

Wazee waliketi kando ya zizi. Kaka yake Ghati alikuwa ameitwa kutoka Ringwani, akakaa juu ya gogo na vumbi la safari bado miguuni. Baba yangu alikuwa mtu wa haki katika mambo ya mipaka na ng'ombe, nimemwona akimhukumu hata mwanawe. Siku ile aliuliza maswali mawili matatu, kisha akasema kuna mtoto aliyekuwa na mke huyu tangu mwanzo, na mtoto hadanganyi. Nikaitwa.

"Wewe umeshikwa na mikono yake. Ikoje?"

Niliwaza vidole vyake mashavuni pangu, nilivyokuwa nikiruka, alivyokuwa akicheka. Nilidhani naulizwa jambo la kupendeza.

"Ya baridi," nikasema. "Baridi sana."

Walinguruma wote pamoja, kama watu waliopata walichokitafuta. Nilitazama huku na huku, nikaona uso wa Chacha, mume wake, umeinama juu ya fimbo. Alikuwa akichora mstari mavumbini, anaufuta, anauchora. Kijana aliyekuwa amekimbiza wezi wa ng'ombe peke yake gizani hakuweza kuinua uso mbele ya kikapu cha ulezi.

Ndipo Ghati aliposimama. Mwanamke hakusimama pale bila kuitwa.

"Mikono yangu si ya baridi," alisema. "Maji yenu ndiyo ya baridi."

Baba mdogo akapasuka kwa kicheko.

"Maji haya! Yamenywesha ng'ombe wa babu yangu wakashindwa kupita mlangoni kwa unono. Leo binti wa Ringwani ameyaona yana homa!"

Wote wakacheka. Hata watoto waliokuwa juu ya uzio walicheka. Ghati aliwangoja wamalize, akaanza tena, "Nasema maji, wazee wangu, kwetu ulezi unalala..." Kaka yake akamshika kiwiko. "Dada, inatosha." Alikuwa anajua kwamba kila neno la ziada lingeongeza ubaya wa safari ya kurudi.

Ikaamuliwa. Ng'ombe wa mahari watapanda kurudi, yeye atashuka.

Aliondoka mchana, ukungu umekwisha, jua kali limetoka kana kwamba linatudhihaki. Alikuwa amekaa juani tangu asubuhi kwenye kizingiti akingojea kaka yake alishwe. Nilikuwa nimesimama karibu na ghala, sijui niende au nisiende. Akanifuata, akaweka mzigo chini, akanishika mashavu kwa viganja viwili kama kawaida yake. Nilijikaza kupokea ile baridi.

Viganja vyake vilikuwa vya moto.

Nilidhani amepona! Ule ugonjwa wa mikono umeondoka, sasa hakuna sababu ya kwenda! Nilimwacha pale pale, nikakimbia mpaka kwa shangazi, nikamshika nguo. "Shangazi, mkono wake una joto! Njoo umshike, umepata joto!" Shangazi akaniambia ninyamaze. Nikamkimbilia baba. "Baba, mikono yake imekuwa ya moto!" Baba akaniambia nikaangalie mbuzi. Nikamwendea Chacha, nikakuta ameingia ndani na kufunga mlango. Niliporudi ghalani, Ghati na kaka yake walikuwa wameshafika kwenye kona ya njia. Sikumuaga. Nilikuwa nimemwacha katikati ya kuniaga ili niende kumtetea kwa watu ambao hawakuwa na masikio.

Nilisoma. Nilikuwa mmoja wa wachache waliopelekwa mpaka sekondari, mbali na nyumbani, katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mtu mwembamba asiyecheka. Asubuhi moja alikata viazi mviringo vipande vya urefu mmoja, akavitia katika bilauri tatu. Ya kwanza ilikuwa na maji yaliyolala nje, ya pili maji ya vuguvugu, ya tatu maji ya kuchemka. Mchana tukavitoa. Cha maji baridi kilikuwa kimekaza kidogo. Cha vuguvugu kilikuwa kimekunywa na kurefuka, ukikivunja kinalia. Cha maji ya moto kililegea kama kitambaa kilicholowa.

Akatueleza. Nyama ya kiazi, alisema, imejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, na kila kijumba kimezungukwa na utando. Maji hupenya utando huo kwenda upande wenye chumvi na sukari nyingi zaidi. Yakiwa baridi hupenya polepole. Yakipata joto la kiasi hupenya haraka. Yakichemka yanauua utando, na kijumba kikifa hakishiki tena maji yake.

Darasa liliandika. Mimi kalamu ilikuwa imesimama. Nilinyoosha mkono.

"Mwalimu, na ulezi?"

"Ulezi umefanyaje?"

"Ulezi wa kimea, ukilowekwa kwa maji baridi."

Alifikiri kidogo. "Mbegu kavu ina namna yake ya kunywa, si sawa kabisa na kiazi. Lakini baridi itaichelewesha vilevile. Na kuota nako kutachelewa."

"Kwa hiyo mkono hauhusiki."

"Mkono wa nani?"

Macho yakanisaliti mbele ya wavulana wote. Mmoja nyuma akasema, "Mwoneni Mkurya anavyolilia kiazi!" Darasa likalipuka, na kwa muhula mzima jina langu likawa Kiazi. Hawakujua nilichokisikia ubaoni. Nilisikia, neno kwa neno, alichosema msichana wa Ringwani kando ya zizi. Yeye alikisema bila viatu wakamcheka. Huyu alikisema ana chaki mkononi, na watu arobaini wakakiandika kwa wino.

Likizo iliyofuata nilipanda nyumbani nikiwa na moto wa kifuani. Niliweka bakuli mbili za ulezi, moja chini ya mwamba wa chemchemi, moja kando ya mafiga ya mama. Asubuhi nikaziweka mbele yao. Punje za jikoni zilikuwa zimevimba, ukiziuma ni laini. Za mwambani zilikwaruza meno. Nilieleza habari yote ya viazi na bilauri. Shangazi Wegesa, macho yake sasa yamefifia, alipapasa bakuli zote mbili kwa vidole.

"Hili la jikoni limevimba vizuri kwa sababu umeloweka wewe," akasema. "Wewe ni damu yetu."

"Na la mwambani ameloweka nani?"

"Usinijibu hivyo. Ndiyo shule hiyo?"

Akaondoka. Nikabaki na mama. Yeye hakuzitazama bakuli, alizijua.

"Ulijua," nikamwambia.

"Nami nilitoka kule chini," alisema taratibu. "Hujawahi kuuliza. Kikapu changu cha kwanza kiliharibika. Cha pili, siku ya kumwaga maji mvua ilinyesha tangu alfajiri, nikashindwa kutoka. Ulezi ukalala tena. Ukaota."

"Ukajua sababu."

"Nilijua kwamba nimepona. Mtu aliyepona harudi kuuliza."

"Sasa kwa Ghati, kwa nini hukusema? Neno moja tu, mama. 'Uache mpaka kesho.'"

"Na mimi sikuambiwa na mtu."

Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayetaja kabila lake. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuvunja bakuli. Nilikuwa nimewachukia shangazi na wazee miezi yote ile, na kumbe kufuli lenyewe lilikuwa mdomoni mwa mtu mpole kuliko wote katika mji wetu. Sikupiga kelele. Nami nililelewa palepale, nikajifunza kunyamaza kwenye titi lilelile.

Nilishuka Ringwani kwa miguu na kwa kuomba lifti ya lori. Nilimkuta Ghati. Mwanamke aliyerudishwa kwa mkono wa baridi hakuwa na wa kuchagua, aliolewa na mzee aliyekuwa tayari na wake, akawa wa mwisho katika mji wa mwisho wa kijiji. Alikuwa amekonda. Mwanya ulikuwepo. Nilimsalimu shikamoo, akanitazama mpaka akanitambua, akaweka mkono mdomoni.

"Mume wangu mdogo! Umepata ndevu!"

Nilimweleza kila kitu, nimesimama, hata kigoda sikukaa. Utando, vijumba, bilauri tatu, bakuli mbili. Nilimwambia ni maji, haikuwa mikono, ni maji. Alisikiliza mpaka mwisho wa sentensi, kama zamani. Kisha akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi.

"Shemeji, umesoma miaka yote hiyo ili uje kuniambia maneno yangu?"

Alinisogezea mtungi ninawe mikono. Maji yalikuwa ya vuguvugu, kama alivyokuwa ameniambia, na mimi nikawa nimepigana na mtu kwa ajili ya ukweli huo bila kuujua. Sikumwona tena. Nilisikia ameshazikwa wakati nimeshakuwa na watoto wangu mwenyewe. Chacha alioa mwingine, wa mlima wetu, ambaye ulezi wake uliota, maana aliuloweka siku mbili.

Juzi nimerudi sokoni Bomani. Mjukuu wangu alidhani nafuata dawa. Nilimkuta yule mama mahali pale pale, na kopo lake.

"Mama, mkweo anatoka wapi?"

"Shikamoo, mzee. Mkwe wangu yupi?"

"Huyo mwenye mkono wa baridi."

Alimtazama mwenzake. "Kule chini, Ringwani. Kwani mzee yanakuhusu?"

"Wewe ulezi unauloweka siku ngapi?"

"Mbili. Wakati wa ukungu hata tatu."

"Umemwambia hivyo?"

Akacheka kweli kweli, na mwenzake akacheka naye. "Mwanamke mzima aambiwe kuloweka? Atajionea."

Nilisikia sauti yangu ikipanda juu ya soko zima, sauti ambayo sikuwa nayo kando ya zizi. Nilisema, "Mwambie! Mwambie maji yetu ni ya baridi!" Watu wakageuka. Wauza nyanya wakasimama. Mjukuu wangu akanivuta mkono, akisema babu twende, babu watu wanatutazama.

Sikwenda. Nilivuta kigoda kile kile nikakaa mbele ya gunia lake, nikaweka fimbo juu ya magoti. Nikamwambia sina haraka. Nikamwambia ampigie simu huyo binti sasa hivi, mimi nikisikia, na kwamba mpaka apige, wateja wake itabidi wanizunguke ili kulifikia gunia.

Aliniangalia muda mrefu, kopo likiwa hewani. Kisha akatia mkono ndani ya kitenge, akatoa simu.